Mafuta Tumeyasafisha, Injini Tumezisahau

Miongoni mwa mambo ambayo mazoea yameyavua uzito wake mbele ya macho yetu ni moshi mweusi wa lori linalopanda mlima, au wa basi linaloondoka kituoni likiwaachia waliobaki wingu zito la masizi; kwani mtu huziba pua kwa upindo wa kanga au kwa kiganja, akasubiri lipite, kisha akaendelea na shughuli zake kana kwamba lililompata ni vumbi la njiani. Hali hiyo si kudra iliyotuteremkia, bali ni tokeo la vitendo vya wanadamu, na lililofanywa na wanadamu laweza kutenguliwa na wanadamu. Dai langu katika makala haya ni moja: kwamba nchi zetu za Afrika Mashariki zilikwisha kuifanya ile kazi iliyokuwa nzito zaidi, yaani kuyasafisha mafuta ya dizeli, kisha zikaiacha ile iliyo nyepesi, yaani kuzichunguza injini zinazoyachoma, na madhali kazi hii ya pili haijafanywa kwa ukamilifu, faida ya ile ya kwanza itaendelea kupotea hewani pamoja na masizi.

Tarehe 1 Januari 2015, nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki, wakati huo zikiwa tano, yaani Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi, zilianza kufuata kipimo kimoja cha dizeli, kwamba salfa iliyomo isizidi sehemu 50 katika kila sehemu milioni moja, ilhali hapo nyuma iliruhusiwa mara kumi ya kiasi hicho, na mahali pengine zaidi. Hatua hiyo haikuwa ndogo. Kiwanda cha Changamwe, Mombasa, ambacho kwa miaka mingi kilikuwa kikisafisha mafuta ghafi kwa ajili ya Kenya na majirani zake, kilikuwa kimeiacha kazi hiyo mwaka 2013, mitambo yake ikiwa imepitwa na zama. Mafuta yote yakawa ya kuagizwa ng'ambo yakiwa tayari, nasi tukapata hiari ya kuchagua, ama tupokee kilichokataliwa na wengine, ama tudai kilicho bora. Tukadai kilicho bora. Mwaka 2016, jumuiya ya Uswisi iitwayo Public Eye ilitangaza habari za mafuta yaliyokuwa yakiuzwa katika nchi kadhaa za Afrika, hasa za Magharibi, na katika sampuli zake ilikuta dizeli yenye salfa hadi mara 378 ya kiasi kinachoruhusiwa Ulaya. Anayetaka kujua tuliepukana na nini, na ayatazame hayo.

Yafaa msomaji aelewe kwa nini salfa ilipigwa vita kwanza. Salfa ikiungua ndani ya injini hugeuka kuwa gesi kali na chembe za salfeti, ambazo ni madhara ya peke yake. Lakini uovu wake mkubwa ni kwamba huviharibu vile vifaa vilivyobuniwa kusafisha moshi kabla haujatoka nje, kwa kuyaziba yale madini ya thamani yanayofanya kazi ndani yake. Gari lililoundwa kwa utaalamu wa juu kabisa, likitiwa dizeli yenye salfa nyingi, huwa halina tofauti kubwa na gari la kale. Ndiyo maana mafuta safi ni mlango tu. Mlango ukifunguliwa, bado yapasa mtu aingie. Na kuingia maana yake ni kuwa na injini iliyotengenezwa vyema, inayotunzwa, na inayopimwa.

Basi na tuitazame injini yenyewe. Mjerumani Rudolf Diesel, aliyefanikiwa kuiendesha injini yake mjini Augsburg mwaka 1897, alitaka chombo kisichohitaji cheche ya plagi: hewa hugandamizwa kwa nguvu ndani ya silinda mpaka ikawa moto mkali, kisha mafuta hupulizwa humo na kuwaka yenyewe. Katika hesabu hiyo ndimo ulimo ubora wa dizeli, kwani hubeba mzigo mzito kwa mafuta kidogo, na ndimo pia yalimo maovu yake mawili. La kwanza ni masizi, ambayo hutokea pale mafuta yanapozidi hewa iliyopo, yakaungua nusu nusu na kubakia kaboni nyeusi. La pili ni oksidi za naitrojeni, gesi zinazotokea kwa sababu ya ule moto mkali kupita kiasi, unaozilazimisha naitrojeni na oksijeni za hewa ya kawaida kuungana. Na taabu ni hii, kwamba aghalabu fundi anayezidisha joto ili masizi yapungue huziongeza gesi, na anayelipunguza joto ili gesi zipungue huyaongeza masizi. Kwa hiyo wahandisi walilazimika kutafuta dawa ya tatu nje ya silinda, katika bomba la moshi lenyewe.

Dawa hiyo imepatikana, wala si siri. Kuna chujio la masizi, lenye vinyweleo ambavyo moshi hupita na chembe zikanaswa, kisha zikachomwa humo humo. Likiwa zima hunasa zaidi ya sehemu tisa katika kumi za chembe zote. Kuna na kifaa kinachonyunyiziwa maji ya yurea, ile ile wanayoijua wakulima kwa jina la mbolea, ambayo kwa joto la moshi hutoa amonia, na amonia hiyo ikazirudisha oksidi zile kuwa naitrojeni na mvuke wa maji. Kwa vifaa vya namna hiyo, sheria za Ulaya zimeweza kukishusha kiasi cha chembe kinachoruhusiwa kutoka katika injini za malori kutoka gramu 0.36 kwa kila kilowati-saa katika miaka ya mwanzo ya tisini hadi gramu 0.01 kwa kanuni ya Euro VI iliyoanza mwaka 2013. Asemaye kwamba moshi wa dizeli hauna tiba, basi ama hajasikia, ama ana faida katika kutosikia.

Kuhusu madhara, shaka iliondoka zamani. Mwezi Juni mwaka 2012, wataalamu wa Shirika la Afya Duniani wanaochunguza saratani walikutana Lyon, Ufaransa, wakautoa moshi wa dizeli katika daraja la vitu vinavyoshukiwa, ulimokuwa umewekwa tangu mwaka 1988, wakautia katika daraja la kwanza, pamoja na tumbaku na asbesto, kuwa ni kitu kisababishacho saratani kwa binadamu bila ya shaka. Kati ya ushahidi waliouzingatia ulikuwamo uchunguzi wa wafanyakazi 12,315 wa migodi nchini Marekani, ambao walikuwa wakivuta moshi wa mitambo ya dizeli chini ya ardhi. Fauka ya saratani, chembe zile ndogo, ambazo thelathini zake zikipangwa pamoja ndipo zitimie unene wa unywele mmoja, haziishii puani wala kooni. Hufika ndani kabisa ya mapafu, na nyingine huingia damuni, zikachochea pumu, maradhi ya moyo na kiharusi. Huko London, mwezi Desemba mwaka 2020, hakimu wa uchunguzi wa vifo alitamka kwamba uchafu wa hewa ulichangia kifo cha msichana wa miaka 9 mwenye pumu, aliyekuwa akiishi karibu na barabara yenye msongamano wa magari. Na hiyo ilikuwa mara ya kwanza nchini Uingereza kwa hewa chafu kuandikwa rasmi kuwa sababu mojawapo ya kifo cha mtu.

Katika miji yetu, walio karibu na bomba la moshi si wenye magari ya vioo vilivyofungwa. Ni mama lishe aliyetandaza sufuria zake kando ya barabara tangu alfajiri. Ni machinga wa Kariakoo na wa Gikomba. Ni askari wa usalama barabarani anayesimama njiapanda saa nane mfululizo. Ni utingo anayening'inia mlangoni, mwendesha bodaboda aliyejibana nyuma ya lori la kontena, na mtoto wa shule anayesubiri daladala lisilotaka wanafunzi. Watu hao hawakuuchagua moshi huo, wala hawapati kitu katika faida ya safari iliyoutoa. Kwa hiyo suala hili, kabla halijawa la ufundi au la mazingira, ni suala la insafu.

Hapa ndipo ninapozishitaki desturi zetu. Hatukosi sheria: Tanzania ilitunga Sheria ya Usimamizi wa Mazingira mwaka 2004, inayomtambulia kila akaaye nchini haki ya mazingira safi na salama, ikaifuatisha kanuni za ubora wa hewa mwaka 2007; Kenya nayo iliiandika haki hiyo hiyo katika Kifungu cha 42 cha Katiba ya mwaka 2010, kisha ikatoa kanuni zake za hewa mwaka 2014. Hatukosi wala vizuizi vya forodhani: Kenya haipokei gari lililotumika zaidi ya miaka minane, na Tanzania huyaongezea ushuru magari yaliyozeeka. Lakini ukizitazama hatua hizo za forodhani utaona kwamba zinauliza gari lilizaliwa lini, wala haziulizi linatoa nini. Gari la miaka saba lililong'olewa chujio litapita. Gari la miaka kumi na mbili linalotunzwa na kupuliza moshi usioonekana litazuiwa au litatozwa. Na lile lililokwisha kuingia nchini miaka ishirini iliyopita, ambalo ndilo lichafualo kuliko yote, haliguswi na kanuni ya umri hata kidogo. Kuyatia mafuta yaliyosafishwa katika injini kama hizo ni sawa na kuyamimina maji ya mvua katika mtungi ambao haujaoshwa: maji yatabadilika kabla hayajafika mdomoni.

Na asidhani mtu kwamba cheti cha kiwandani chatosha. Mwezi Septemba mwaka 2015, serikali ya Marekani iliituhumu kampuni ya Volkswagen kwa kutia katika magari yake ya dizeli programu iliyotambua wakati gari linapopimwa, ikaupunguza uchafu wa moshi kwa muda huo, kisha ikauachilia gari lirudipo barabarani. Na oksidi za naitrojeni zilizotoka njiani zilifika hadi mara 40 ya kiasi cha sheria. Kampuni ilikiri kwamba magari kama milioni 11 duniani yalikuwa na programu hiyo. Aliyeifichua hila hiyo hakuwa mkaguzi wa vyeti, bali watafiti wa Chuo Kikuu cha West Virginia, ambao walifunga vipimo nyuma ya gari, wakaliendesha barabarani kama watu wengine, wakaandika kilichotoka. Ikiwa nchi yenye maabara na mahakama madhubuti ilidanganywa kwa karatasi, sembuse sisi tunaopokea magari baada ya kupita mikono miwili mitatu? Mwaka 2020 wakaguzi wa Uholanzi waliyachunguza magari makuukuu yaliyokuwa yakipakiwa katika bandari zao kuja Afrika, wakakuta kwamba mengi hayakuwa na cheti halali cha kutembea katika barabara zao wenyewe, na baadhi yalikwisha kunyofolewa vifaa vya kusafishia moshi kwa ajili ya thamani ya madini yake. Tunauziwa gari, kumbe mapafu yake yamebaki kwa muuzaji.

Hapa nyumbani nako hila hazikosi. Mafundi wa dizeli wanajua vizuri kusoma moshi: mweusi ni mafuta kuzidi hewa, wa buluu ni oili kuungua, mweupe ni mafuta yasiyowaka au maji kuingia. Wanajua pia kwamba chujio la hewa lililoziba, nozeli zilizokwisha, au skrubu ya pampu iliyokazwa ili lori lipate nguvu ya kupanda mlima na shehena iliyozidi, ndizo sababu kubwa za moshi ule mweusi. Na baadhi yao, kwa agizo la wenye magari, huikaza skrubu hiyo wenyewe. Kulikuwa na wakati ambapo wafanyabiashara wasio waaminifu walichanganya mafuta ya taa katika dizeli kwa kuwa yalikuwa rahisi kwa bei, wakaziharibu pampu na nozeli za wateja wao. Tanzania ikapandisha ushuru wa mafuta ya taa mwaka 2011, Kenya nayo ikaweka tozo ya shilingi 18 kwa lita mwaka 2018, na mafuta yakatiwa vinasaba ili uchanganyaji utambulike. Jambo hili lina funzo: serikali zetu zilipotambua kwamba wizi huo unapunguza mapato, zilipata vipimo, wakaguzi na adhabu kwa haraka. Ni vipi basi kipimo cha moshi kiwe ndicho kigumu?

Hakika si kigumu. Kipimo cha moshi wa dizeli ni kifaa ambacho mtu mmoja anaweza kukibeba. Injini hupashwa moto, gari likiwa halina gia, pedali ikakanyagwa mara moja mpaka mwisho, na kifaa kilichowekwa kwenye bomba kikasoma ni kiasi gani cha mwanga kilichozuiwa na moshi. Shughuli yote ni ya dakika chache, na matokeo yake ni tarakimu, si maoni ya askari wala huruma ya mkaguzi. Rwanda imekwisha kuingiza upimaji wa moshi katika ukaguzi wa magari yake, na hakuna aliyesema kwamba biashara ya Kigali imesimama kwa sababu hiyo.

Najua yatakayosemwa. Litasemwa kwanza kwamba wenye malori na daladala ni watu wa kipato kidogo, na kuwalazimisha kutengeneza injini ni kuwaongezea mzigo, nao watauhamishia kwa abiria na kwa bei ya unga. Hoja hiyo ina uzito, lakini haijatimia. Moshi mweusi ni mafuta yaliyolipiwa ambayo hayakufanya kazi. Mwenye lori anayesafirisha shehena kutoka Dar es Salaam hadi Tunduma, au kutoka Mombasa hadi Malaba, huku injini yake ikipuliza masizi, anachoma fedha zake njiani. Kubadili chujio la hewa na kupima nozeli ni gharama ndogo kuliko dizeli inayopotea kwa kutofanya hivyo. Na gharama ya hospitali, ambayo sasa hulipwa na mama lishe na aila yake, haikuondoka kwa kuwa haimo katika daftari la mwenye lori.

Litasemwa pili kwamba mataifa yenye viwanda ndiyo yaliyoichafua dunia, nasi hatupaswi kubebeshwa dhima yao. Katika habari ya kaboni dioksidi inayobadilisha tabia ya nchi, hoja hiyo ni ya haki, na tusiiache. Lakini masizi hayana safari ndefu kama hiyo. Sehemu kubwa ya madhara yake huwapata wale wale wanaokaa karibu na barabara. Moshi wa lori la Changamwe hauendi kumdhuru Mzungu wa Hamburg. Humdhuru mtu wa Changamwe; kwa hiyo kuupunguza si hisani tunayowafanyia wengine.

Yuko na mwenzetu ambaye twaweza kujifunza kwake bila ya kuvuka kwenda Ulaya. Mwezi Julai mwaka 1998, Mahakama Kuu Kabisa ya India, katika shauri la wakili M. C. Mehta lililofunguliwa mwaka 1985, iliamuru mabasi yote ya Delhi yaache dizeli na kutumia gesi asilia iliyoshindiliwa. Wenye mabasi walipinga, serikali ikaomba muda, foleni za gesi zikawa ndefu. Lakini mahakama haikurudi nyuma, na kufikia mwisho wa mwaka 2002 mabasi yale yalikuwa yamebadilishwa. Kweli, hewa ya Delhi ingali mbaya hivi leo, kwa sababu magari yameongezeka kupita kiasi, na mashamba huchomwa, na viwanda na vumbi vina fungu lao. Hata hivyo, moshi mweusi wa mabasi uliondoka, na tukajua kwamba amri ikiwa na tarehe, na tarehe ikiwa na msimamizi, jambo lililoitwa muhali hufanyika.

Nasi tuna nyenzo zetu. Gesi ya Songo Songo imekuwa ikifika Dar es Salaam kwa bomba tangu mwaka 2004. Treni ya umeme kutoka Dar es Salaam kwenda Morogoro na Dodoma ilianza kuchukua abiria mwaka 2024. Na jijini Nairobi mabasi ya umeme yamekwisha kuonekana barabarani, katika nchi ambayo umeme wake mwingi hutoka katika mvuke wa ardhi, maji na upepo. Haya yote ni ya kushukuriwa. Lakini nasema kwa tahadhari: yasiwe udhuru wa kuliacha lililo mbele yetu. Malori ya dizeli yaliyopo leo yatatembea miaka mingine mingi kabla ya treni na umeme kuchukua mahali pake, na mtoto anayevuta masizi mwaka huu hana faida katika treni itakayomfikia akiwa mtu mzima.

Alhasili, ninayoyataka ni mambo manne. Kwanza, kila gari la dizeli la abiria au la mizigo lipimwe moshi kila mwaka kwa kifaa, na leseni yake ya biashara isitolewe bila ya tarakimu hiyo. Na tuanze na mabasi na malori, kwani ni machache kuliko magari madogo na yanatoa masizi mengi kuliko wingi wake. Pili, tarakimu hizo ziandikwe katika daftari la wazi, ili abiria na mwenye shehena wajue wanampa nani fedha zao. Wahenga walikwisha kutuambia kwamba mali bila daftari hupotea bila habari, na siha ya watu ni mali. Tatu, gari linaloingia bandarini lipimwe bombani na si kwenye karatasi tu, na lililonyofolewa chujio lirudishwe kwa gharama ya aliyelileta. Nne, magari ya serikali na ya mashirika ya umma yatangulie yote kupimwa, na matokeo yake yatangazwe magazetini kabla mwenye daladala hajatozwa hata senti moja. Kwa maana sheria inayoanzia kwa mnyonge ni kodi tu, na sheria inayoanzia kwa mwenye nguvu ndiyo hutiiwa.

Mawaziri wa nchi hizi waliweza kukubaliana juu ya salfa, wakaweka tarehe, na tarehe ilipofika mafuta yakabadilika. Nawasihi wakae tena, waweke tarehe nyingine, na safari hii waiandike juu ya bomba la moshi.